Tajiri mmoja, timu mbili, na fahali wa bingwa katoa yeye: ligi yetu ya ziwani itafika mwakani?

Katibu Fotokopi

Wakuu, mwadila.

Mimi ni katibu wa ligi ya mpira ya kata moja ya Ilemela, Mwanza, upande wa ziwani. Jina la kata naliweka kando. Ukatibu sikuugombea. Nina kibanda cha stesheni chenye mashine ya fotokopi na kamera ya kupigia paspoti, kamati ikaona ni nafuu fomu za usajili zichapwe kwa katibu kuliko kulipia kwa mtu mwingine.

Timu tuko kumi. Kuna ya wavuvi, ya vijana wa vichanja wanaoanika dagaa, ya bodaboda, ya soko, ya walimu waliochanganyika na watumishi wa zahanati, na zilizobaki ni za mitaa. Ada laki moja kwa timu, kiingilio mia tano, bingwa anaondoka na fahali na seti ya jezi. Misimu ya mwanzo ilinoga mno. Wavuvi wakicheza na bodaboda, mama lishe walikuwa wanamaliza sufuria kabla ya mapumziko.

Sasa kuna mfanyabiashara mmoja, ana mitumbwi na malori ya dagaa. Timu ya wavuvi ni yake tangu mwanzo na hilo halijawahi kumkera mtu, maana wachezaji ni vijana wanaoingia ziwani na taa zake. Mwaka huu akaichukua na ya vichanja. Akawalipia ada, akawavalisha. Fahali naye katoa yeye. Na kwenye kamati ya mashindano yumo, cheo chake mlezi.

Raundi ya pili, wavuvi wakawapiga vichanja sita bila. Uwanja mzima ukawa unaimba "baba na mwana". Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli. Wale vijana wa vichanja walikuwa wamepakia lori usiku kucha, kipindi cha pili wanatembea tu. Siamini kuna mtu aliyewaambia wafungwe. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu wa bodaboda ambaye timu yake ina pointi sawa na wavuvi na inazidiwa mabao.

Halafu kuna mamluki, wachezaji wa kukodi kutoka nje ya kata. Kanuni inasema mchezaji awe mkazi, fomu isainiwe na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti anasaini chochote kinachowekwa mezani. Zamani foleni ya kivuko ilitusaidia kuliko kanuni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kijana anapanda haisi Sengerema mchana, anacheza, anashika elfu ishirini yake, usiku analala kwao. Na msidhani ni wavuvi peke yao. Kuna mtu nimempiga paspoti kwa majina mawili, fomu za timu mbili. Pale dirishani sikusema kitu, nikatoa nakala nikahifadhi.

La ratiba ndilo gumu, na watu wa mjini hamtalielewa upesi. Dagaa wanavuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni, wavuvi wanapata siku kadhaa za kulala na kufanya mazoezi. Kwenye giza wanatoka ziwani alfajiri, macho mekundu, mchana unawaita uwanjani. Kwa hiyo anayeshika ratiba ndiye anayeshika nguvu ya timu ya wavuvi. Wao wanasema misimu iliyopita tuliwaonea kwa kuwapangia mechi za gizani, ndiyo sababu wakatafuta mamluki wa kuziba. Wenzao wanasema mwaka huu mechi zao kubwa zote zimeangukia kwenye mwezi kwa sababu mlezi yumo kikaoni. Nimefungua kalenda nikahesabu. Wote wana hoja.

Timu tatu zimeniandikia kwamba msimu ujao hazimo. Jumapili iliyopita kiingilio hakikutosha kulipa waamuzi na chokaa. Nauliza: kuna ligi iliyowahi kupona mashabiki wakishaamini kuna mtu anabebwa? Au nitafute wa kumwachia daftari?

---

Mzee Lindanda

Katibu, pole. Daftari usimwachie mtu kwanza.

Mimi naingia uwanja wa Kirumba hapa Mwanza tangu enzi za timu ya Pamba ile ya zamani. Nimeiona ikishuka Ligi Kuu, nimekaa miaka ishirini na tatu nikisubiri irudi, ikarudi 2024 inaitwa Pamba Jiji. Katikati hapo nimewashangilia timu nyingine za Mwanza, Toto, Mbao na Alliance, mmoja baada ya mwingine, na wote wakashuka. Kwa hiyo kuona timu ya kwetu ikionewa, au ikisema imeonewa, nina uzoefu nako.

Ligi kuwa na mkubwa hakuiui. Tazama Ligi Kuu. Mtibwa Sugar walichukua 1999 na 2000. Kuanzia hapo hadi 2025 ubingwa umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, Azam 2013/14. Simba wakachukua minne mfululizo kuanzia 2017/18, Yanga wakajibu na minne kuanzia 2021/22. Kama kuzidiana kungekuwa ndio ugonjwa, tungekuwa tumeshazika. Badala yake mwaka 2021 Azam Media wakasaini kuonyesha ligi kwenye televisheni miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6.

Sasa rudi 2016. Daraja la Kwanza, Kundi C, siku ya mwisho. Geita Gold na Polisi Tabora wanagombea nafasi moja ya kupanda na mabao ndiyo yataamua. Dakika tisini zikiisha, Geita kamfunga JKT Kanembwa nane bila, Polisi Tabora kamfunga JKT Oljoro saba bila. Siku moja hiyohiyo! Hata mtoto wa chandimu alijua pale hapakuchezwa mpira. TFF, shirikisho letu la mpira, wakazitia hatiani zote nne kwa kupanga matokeo, wakazishusha, na Mbao yetu ya Mwanza ikapanda.

Na Mbao ikafanya nini? Msimu uliofuata ikamtoa Yanga hapahapa Kirumba, moja bila, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Ikaenda Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1 kwenye dakika za nyongeza. Siku ya Yanga nilirudi nyumbani sina sauti, mke wangu akadhani nimetoka msibani. Kama wakubwa wa mpira wangefumba macho 2016, sisi wa Mwanza tusingeiona siku hiyo.

Ninachokwambia ni kwamba watu walirudi uwanjani kwa sababu jambo liliamuliwa mbele ya macho yao na karatasi ikatoka. Yako sita bila haijaamuliwa na mtu yeyote. Inaelea tu, kila mmoja anaimalizia kichwani anavyotaka.

---

Dada wa Mabatini

Shikamoo mzee, lakini hapo kwenye "mkubwa haui ligi" nakukatalia. Kirumba inajaa Simba akija na Yanga akija. Siku nyingine unachagua kiti, unaweka na mkoba wako kiti cha pili. Ligi haijafa, ila huku mikoani tunaila mara mbili kwa mwaka kama pilau ya sikukuu.

Katibu, shida yako mimi naiona kwenye fahali. Mnakumbuka Novemba 2021? Kampuni ya GSM, ambao ni wadhamini wa Yanga, wakasaini na TFF kuwa mdhamini mwenza wa ligi nzima, bilioni 2.1 kwa miaka miwili. Simba wakagoma kuvaa nembo. Watu wakawacheka, eti wanakataa kitambaa. Februari 2022 GSM wakajitoa wenyewe. Hakuna aliyethibitisha kwamba ile pesa ilinunua hata kona moja. Lakini mtu anayemlipia mpinzani wako mishahara akiwa ndiye anayekupa na wewe ya kula, kila filimbi utaisikia vibaya. Nami ningeisikia vibaya, na mimi si Simba.

Tena tuliona matunda ya kutoaminiana tarehe 8 Machi 2025, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Simba wanasema jana yake wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, hawachezi. Bodi ya Ligi inaahirisha siku ya mechi yenyewe. Yanga wanafika uwanjani hakuna wa kucheza naye. Kuna watu walitoka huku kwetu na basi, wamelala njiani, wamelipa nyumba ya wageni, kwa mechi ambayo haikuwapo. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda mbili bila na kubeba ubingwa, na mpaka leo ukiitaja kwenye daladala ya Igoma hamfiki salama. Hakuna hata mmoja aliyeridhika, si aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Huyo tajiri wako akitoa fahali, amkabidhi mtendaji wa kata siku ya ufunguzi, jina lake lisomwe, apigiwe makofi, akakae na watazamaji. Kikaoni anatafuta nini?

---

Mkerewe Halisi

Ninyi wa Mwanza mjini mna raha ya kuchagua wadhamini. Huku Ukerewe tajiri akinuna ligi haipo. Hakuna kampuni itakayovuka maji kuja kuweka bango Nansio kwenye uwanja ambao mbuzi wanachunga katikati. Mpira mmoja wa maana unauzwa bei gani siku hizi? Nyavu za goli je? (Za goli letu zilikuwa nyavu za sangara, mpaka maofisa wa uvuvi walipopita wakazitilia shaka macho yake. Tulieleza sana.)

Kwa hiyo kabla hamjamfukuza mtu, jiulizeni vichanja nani angewavalisha. Msimu uliopita walikuwapo kwenye ligi? Katibu hajasema. Kama hawakuwapo, basi tajiri ameongeza timu, hajaharibu.

Lakini nikiwa mkweli, kuna jambo moja linanishinda kulitetea. Crystal Palace ya Uingereza walichukua Kombe la FA 2025, wakawa na haki ya kucheza Europa League. UEFA, wakubwa wa mpira wa Ulaya, wakawateremsha hadi Conference League, kombe la chini yake, kwa sababu tajiri John Textor alikuwa na hisa Palace na alikuwa na mamlaka Lyon ya Ufaransa pia, nayo iko Europa League. Palace na Lyon hawakuwa wamekutana kwenye shindano lolote msimu ule, na hakuna aliyesema kuna matokeo yamepangwa. Kanuni inakataza ile hali yenyewe ya mkono mmoja kuwa pande mbili, haingoji mpaka mtu aibe. Mashabiki wa Palace waliandamana, na mimi niliwaonea huruma, lakini ukiniuliza kanuni ile ifutwe nitasema hapana.

---

Omena Mbita

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa, wadau. Hapa kwetu beach moja timu moja, na hizo story za mamluki ni zilezile, tofauti yetu ni kwamba wanakuja na mashua.

Kwa ligi kubwa ya Kenya nitawapa mifano miwili. 2017 SuperSport, mdhamini aliyekuwa anaonyesha ligi, walitoka juu ya mvutano wa timu 16 ama 18. Wakubwa waliongeza timu mbili, mdhamini akasema mkataba haukusema hivyo, akaenda. Klabu zikabaki zinahangaika na nauli. 2021 FIFA nao wakaiondoa Zoo ya Kericho kwenye ligi kuu kwa kupanga mechi. Sasa linganisha. Ya Zoo iliuma mwezi mmoja hivi na watu wakaendelea. Ile ya 16 ama 18 ilituumiza miaka, na hapo hakuna mtu alikuwa ameuza mechi, ni vile tu kanuni zilikuwa zinabadilika kulingana na nani amekaa kwa ofisi.

Bwana katibu, hizo timu tatu zimeandika barua, hizo bado zinakupenda. Jihadhari na ile haitaandika.

---

Kipyenga

Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mimi nachezesha, leseni ya wilaya, na ndondo za kando ya ziwa nimezichezesha kuanzia Kayenze hadi Nyegezi.

Mtu wa kwanza kuonja ligi ikianza kunuka ni mwamuzi. Kwenye ligi safi nikikosea offside natukanwa mimi na mama yangu, mechi ikiisha wananinunulia soda. Kwenye ligi ambayo watu wameshaamini kuna anayebebwa, hata nikitoa uamuzi sahihi kabisa naulizwa nimepewa ngapi. Kuna uwanja mmoja nilitolewa kwa mlango wa nyuma wa darasa kwa penalti ambayo hata beki aliyecheza faulo aliikubali. Na kilichowatia hasira nilikijua baadaye: posho yangu ilikuwa imeletwa na meneja wa timu mwenyeji, mkononi, mbele ya watu, kabla ya mechi. Pesa ilikuwa ya ligi, kamati ilimtuma tu kwa sababu mweka hazina alikuwa mbali. Nani atasikia hayo?

Nikiwa kwenye nafasi yako, katibu, ningeanza na waamuzi. Omba chama cha mpira cha wilaya kipange majina, walipwe kwa simu kutoka akaunti ya ligi, na ujumbe wa malipo ubandike ukutani kwako. Ratiba ndiyo rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu mwezi hauna timu. Chukua kalenda, gawa mechi za wavuvi nusu zianguke kwenye giza na nusu kwenye mwezi, nyumbani na ugenini, toa ratiba ya msimu mzima kabla ya mechi ya kwanza, na asiguse mtu. Mechi ya watu wa dagaa isipigwe saa nane mchana wakiwa wametoka ziwani. Saa kumi na nusu wanakuwa wamelala kidogo.

Mamluki hutawamaliza. Ruhusu wawili kwa kila timu, waandikwe hivyo, wageni, picha zao zibandikwe. Kinachowaudhi watu ni kuambiwa "huyu ni mtoto wa shangazi" wakati jana wamemuona anacheza Buhongwa.

Na mlezi atoke kikaoni. Hilo hata mwenyewe analijua.

---

Katibu Fotokopi

Asanteni sana. Nimejibu kwa kuchelewa, nilikuwa na foleni ya fomu za shule.

Mkerewe, swali lako ni zuri. Vichanja walikuwapo, ila msimu uliopita walicheza na fulana za kampeni zilizogeuzwa nyuma mbele, na mechi mbili hawakutokea. Kwa hiyo ni kweli, amewasaidia.

Jioni nilikwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akaniambia habari ya bei ya dagaa kwa muda mrefu kuliko habari ya mpira. Nikamweleza kama dada wa Mabatini alivyoeleza, la fahali na kikao. Kutoka kwenye kamati amekubali, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani zile nyimbo zimemuuma. Kuwaachia vichanja amekataa. Anasema wale ni vijana wake wa kazi, hawezi kuwavua jezi katikati ya msimu ili bodaboda wafurahi. Nikamuuliza kama yuko tayari msimu ujao uongozi wa vichanja uchaguliwe na wao wenyewe, yeye abaki mdhamini tu, asisajili wala asipange kikosi. Akasema atafikiri. Kwa watu wa huku "nitafikiri" si ndiyo.

Ya waamuzi na ratiba napeleka kikaoni Jumapili kama Kipyenga alivyoandika, mwezi na giza. La wageni wawili nalo nalipeleka, ingawa najua walimu watapinga, wao hawana pesa ya kuleta hata mmoja.

Sita bila inabaki kama ilivyo. Hakuna rufaa iliyokatwa ndani ya saa 48, na siwezi kufuta matokeo kwa sababu uwanja umeimba.

---

Ng'wana Bodaboda

Mimi ni wa timu ya bodaboda, nimetumiwa huu uzi na abiria. Katibu, umeongea vizuri, lakini kuna kitu umekipita haraka. Mtu mwenye paspoti moja na majina mawili. Hapo ndipo wavuvi wanapokamatika. Ada ya rufaa ya usajili tunayo, tumechanga kijiweni. Toa hiyo nakala.

---

Katibu Fotokopi

Njoo kibandani kesho, utaiona bila hata kulipa. Ila nikuandae kabisa: fomu ya kwanza ni ya timu ya soko. Ya pili ni yenu.

---

Dada wa Mabatini

Hahaha! Zirudisheni hela za kijiweni mapema.

---

Kipyenga

Rufaa isirudi nyuma, Ng'wana Bodaboda, ileteni hivyohivyo. Usajili mara mbili, mchezaji anasimama hadi kamati ikae, na timu zote mbili zinaulizwa nani alijua. Kama alicheza kwenu kwa jina la bandia, mechi hizo mnazipoteza kwa mezani, tatu bila. Katibu, kikao kiamue hili kwanza kabla ya la mlezi, na mlezi akiwa ameshatoka chumbani. Mimi Jumapili niko huru, mkitaka mtu wa kuwasomea kanuni.